Kikombe Chenye Mshono

4 Juni

Mume wangu,

Nimeandika maneno hayo mawili nikainuka, nikaizunguka meza, nikarudi kuyasoma tena. Mume wangu! Wiki sita tangu tufunge ndoa na bado nikiyatamka nageuka nyuma kutazama kama yupo mtu wa kunikatalia.

Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka juzi, basi nimeamua kuandika. Wanasema barua inafika kwa siku nne, tano. Na iende. Jana mteja alikuja kupima gauni akanikuta nacheka peke yangu. Akauliza kulikoni, nikamwambia cherehani imenitekenya.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Koti lako la ualimu bado linaning'inia nyuma ya mlango, lina vumbi la chaki mfukoni. Penseli zako za kiwanda cha vitambaa zimejaa droo nzima. Chini ya sinki iko ndoo yako ya udongo. Nimeolewa na wanaume watatu na hakuna hata mmoja aliyepo nyumbani!

Vikombe vyako sita nimevikuta pale pale ulipoviacha, kwenye rafu ya dirishani chini ya nailoni. Karatasi yako ya maelekezo nimeibandika ukutani. Kila asubuhi nafungua nailoni upana wa vidole viwili, navigeuza, navisalimia kimoja kimoja, nafunika. Usiwe na wasiwasi. Najua kilichomo ndani ya vikombe hivyo. Niko nacho masikioni hadi leo, Baba alivyokutazama siku uliyokuja kujitambulisha: "Umekuwa mwalimu, umekuwa mchora vitambaa, sasa unafinyanga. Mwakani utakuwa nani, rubani?" Nawe ukamwahidi kwamba Bibi Tanuri, huyo mfinyanzi uliyemfuata huko kujifunza, asipokukubali ifikapo mwisho wa Agosti, utarudi darasani na udongo hutaugusa tena.

Hatafanya ujinga wa kukukataa. Vikombe vikikauka nitavifungasha na kukutumia, utavichoma, utavipanga mbele yake siku ya mwisho, sita vinavyofanana, kama kanuni yake inavyotaka. Kisha utarudi nyumbani nami nitakufungia mlango kwa ufunguo.

Wako kabisa kabisa,
Cherehani


13 Juni

Cherehani wangu,

Simu yangu ilizama siku ya kwanza. Niliinama kwenye pipa la uji wa udongo kutazama ulivyo laini, simu ikatoka mfuko wa shati ikaenda kuhakikisha. Bibi Tanuri aliitoa kwa upawa, akaiweka juani pamoja na vyungu, akasema, "Hii ikikauka tutaichoma." Kwa hiyo na tuandikiane. Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi mwenzangu wa chumbani ameanza kuikariri.

Karakana ni jengo refu la bati lenye madirisha upande mmoja tu. Magurudumu manane, matanuri mawili. Huyo Bibi ni mwembamba kama fito, mikono mikubwa kuliko yangu, na hapigi kelele hata siku moja. Akiona kazi mbaya anaikandamiza kwa kiganja na kuendelea kutembea. Nashinda na mikono ndani ya udongo kutwa nzima, na kila kitu kinaenda vizuri.

Umenikumbusha ile siku ya kwanza. Nilikuwa mezani kwangu kiwandani, simu ya ofisi ikalia, sauti ya mwanamke ikasema bila hata salamu, "Maua yako hayakutani." Nikadhani ni mpenzi wa mtu amekosea namba. Kumbe fundi wa nguo amekata gauni zima na mshono wa ubavuni umelikata ua langu kichwa. Nilichora kitambaa miaka minne bila kufikiria kwamba kuna mtu atakishona. Nilikuja dukani kwako kuomba radhi, nikasahau kuondoka.

Vikombe viache wiki tatu nzima. Mama yangu hapo nyumbani umsalimie sana, umwambie nakula.

Mwalimu wako


24 Juni

Mwalimu wangu, asali wangu,

Umesahau kuondoka! Nimemsomea Mama sehemu hiyo akafunika uso kwa kanga akasema, "Mambo yenu niondoleeni." Lakini alisogea karibu.

Jumapili Baba alikuja na Shangazi bila taarifa. Unamjua Shangazi: anaingia macho yakitangulia. Walikaa sebuleni, wakanywa chai. Ilikuwa chai ya kukumbukwa, kwa kweli. Baba alivaa shati lake jeupe. Waliondoka mapema kidogo.

Vikombe vyako havijambo. Vinaendelea.

Sasa nina swali, na ni swali tu, mtu akishinda kwenye cherehani mawazo yanatembea. Hivi mtu ambaye hana gurudumu, wala hajawahi kulitumia, anaweza kutengeneza kikombe? Nasema mtu yeyote tu. Na udongo ule wa ndoo unahitaji kuandaliwa vipi kabla mtu hajaanza? Nieleze taratibu kama unavyowaeleza wanafunzi wale wa nyuma kabisa darasani, wanaochora pembeni mwa daftari.

Nakupenda hadi nimetoboa kidole kwa sindano.

Cherehani


3 Julai

Mke wangu,

Unajua umenipa furaha gani? Sijawahi kukusikia ukiuliza habari ya udongo zaidi ya "lini utaiondoa hiyo ndoo?"

Inawezekana, tena bila shida. Chukua udongo kiasi cha ngumi mbili. Ukande kama unga wa mkate, ukiusukuma na kuukunja, mara hamsini, hadi ukiukata kwa uzi usione tundu hata moja la hewa. Hewa ikibaki ndani, tanurini itapasua. Kisha usukume kwa chupa juu ya kitambaa, uwe bapa wa unene wa kidole chako kidogo. Hapo kata mstatili kwa ukuta wa kikombe na duara kwa kitako. Pande zinazokutana uzikwaruze kwa uma, upake uji wa udongo, ubane. Pasipokwaruzwa hapashiki, hata ubane kwa sala. Kishikio kinakuja mwisho, ukuta ukishaanza kuwa mgumu.

Nimesoma tena nilichoandika, naona nimekuandikia somo zima. Nisamehe. Ualimu ni kama harufu ya vitunguu, hautoki mikononi.

Jaribu siku moja, tutacheka pamoja nikirudi.

Mwalimu wako


15 Julai

Mpenzi,

Barua yako nimeiweka chini ya mto. Kwanza niliiweka chini ya sahani ya mashine, nikaona inapata mafuta.

Hapa tuko wazima. Nina kazi ya sare za kwaya, gauni kumi na nane, kola zote za mviringo, mwalimu wao hataki kuona kola moja imelala. Mama ananisaidia vifungo.

Swali jingine dogo. Udongo hukonda? Yaani mtu akipima kitu kikiwa kibichi, akakipima tena baada ya siku tano, kinaweza kuwa kimenywea bila yeye kukigusa? Nilidhani tepu yangu imevutika, nikaipima kwa rula. Tepu ni nzima.

Na jambo la kuchekesha: mvua ikinyesha, ile harufu ya udongo ukilowa, basi nasimama dirishani kama mtu anayesubiri mgeni. Siku hizi nafungua hata ile ndoo niinuse. Jana nilijikuta nimelamba kidole. Usimwambie mtu. Ndiyo mapenzi hayo, nimekukosa hadi nakula kazi yako.

Cherehani wako


18 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, miguu tu.

Mkeo kanikataza kukwambia, nami si mtu wa kupeleka maneno, kwa hiyo sikwambii. Ila nataka ujue kwamba meza yangu ya jikoni haina nafasi ya kukatia hata kitunguu. Kuna udongo, kuna chupa, kuna uma wangu mzuri. Ametengeneza kikombe kimoja, kimekauka kimekuwa kidogo, amelia. Anatengeneza kingine. Kwa nini, muulize mwenyewe, na akikujibu usiseme nilikwambia umuulize.

Mkweo yule seremala alipita Alhamisi akamkuta ana udongo hadi kwenye nyusi. Nikasema sasa patachimbika. Mzee akasimama mlangoni, akatazama weee, akasema, "Rula unaishika vibaya." Akavua koti, akamshikia. Walikaa hapo saa mbili, hawakuzungumza chochote isipokuwa namba.

Jambo la pili. Mkeo analamba udongo. Nimezaa watoto watano, mwanangu, sihitaji kuandikiwa barua kuhusu hilo. Lakini yeye mwenyewe naona hajajihesabu, na mimi nimekwambia siku ya kwanza kwamba sipeleki maneno. Kula vizuri.

Mama yako


27 Julai

Cherehani wangu,

Ndiyo, udongo hukonda. Ni maji yanaondoka. Kitu cha sentimita kumi kikikauka kinabaki tisa na nusu hivi, na tanurini kinapungua tena. Kwa hiyo mtu akitaka kitu kibichi kilingane na kikavu, asikipime kwa kikavu. Akiongeze. Wewe unalijua hili kuliko mimi: si ulinifundisha kwamba pamba mpya hufuliwa kabla ya kukatwa, na usipoifua unaongeza kwenye kipimo? Kata kielelezo cha karatasi kwanza, kila sentimita kumi ifanye kumi na nusu. Mdomo wa kikombe usiuache na makali, ukunje kidogo. Na kitu kidogo kilichokwisha kukauka kisitupwe. Kila kitu kina mahali pake.

Sasa nina jambo la kukwambia nililolificha, kwa sababu naona haya kuandika somo lingine huku najifanya kila kitu kinaenda vizuri.

Sijagusa gurudumu tangu nije. Wiki tatu za kwanza nilikanda udongo wa wenzangu. Nilipomaliza adhabu hiyo, kama ilikuwa adhabu, Bibi Tanuri alinikuta namweleza mgeni mmoja kwa nini bakuli lake linapasuka kitako. Alisimama kusikiliza, akaondoka. Kesho yake akanipa wageni sita wa kufundisha, na ubao. Mchana ananipa daftari nichore nakshi za vyungu vya wengine. Mke wangu, nimesafiri siku nzima kuacha chaki, na chaki iko mkononi. Nimeacha penseli, na penseli iko sikioni. Wenzangu wanafinyanga, mimi narudi nilikotoka, na zimebaki wiki tano.

Labda Baba yako aliona mapema. Labda mimi ni mtu wa kugusa kila kitu na kutokaa na chochote. Siogopi ualimu. Naogopa uamke siku moja uone umeolewa na mtu ambaye hajaamua.

Nitumie vikombe vikiwa tayari. Ndivyo pekee nilivyo navyo.

Mwalimu, sijui wa nini


10 Agosti

Mume wangu,

Kaa chini kabla ya kusoma. Usikae karibu na pipa.

Ile Jumapili, Shangazi alisema, "Tuonyeshe basi hivyo vikombe ambavyo mume ameacha mshahara kwa ajili yake." Damu ikanipanda. Nikaenda dirishani. Vilikuwa vimekauka, vyeupe, mistari yako ya buluu imetulia, vizuri hata dukani havipo. Mimi nilidhani kukauka ndiko kwisha! Nilidhani tanuri ni la kung'arisha tu, kama pasi kwenye gauni. Nikachukua kimoja, nikakifuta kwa upendo, nikammiminia Baba chai ya moto ya maziwa.

Alisema, "Kumbe ni kizuri." Nakuapia alisema hivyo. Alipokiinua, kitako kilibaki kwenye sahani, chai yote ikaenda kwenye shati jeupe, ukuta ukalegea kama uji, na Baba yangu akabaki ameshika kishikio peke yake, kidole kimeinuliwa hivi, kama mtu wa heshima. Shangazi alicheka hadi akakohoa. Baba alikiweka kile kishikio mezani akasema, "Chaki haiyeyuki." Wakaondoka.

Sikukwambia. Nilikuwa nimeyeyusha neno lako mbele ya mtu uliyempa neno hilo. Ningekuandikiaje? Ndipo nikaanza kuuliza maswali yangu ya kijinga, na wewe ukanijibu kama vile ni mtihani wa taifa. Cha kwanza nilikipima sawasawa na vyako, kikanywea. Cha pili nimekikata kwa kielelezo, kama kola. Kina mshono ubavuni, nimeuficha chini ya kishikio, na mdomo nimeupiga upindo. Mistari ya buluu nimeichora pumzi nimeibana.

Sasa nisikilize kuhusu ile barua yako, kwa sababu niliisoma nikakasirika, na unajua mimi kukasirika ni mara moja kwa mwaka.

Siku uliyokuja dukani kuomba radhi, ulimaliza radhi kwa dakika moja. Dakika arobaini zilizobaki ulinieleza kwa nini maua hayakukutana, ukachora kwenye karatasi yangu ya kukatia, ukachukua kipande cha nta ukanifinyangia lile ua ili nione linavyozunguka. Nilikuwa natazama mikono yako. Nilikupenda ukiwa unafanya yote matatu kwa pamoja, mpenzi, mbele ya kaunta yangu, na kitambaa begani. Hukuwahi kuwa watu watatu. Ule mzaha wa kuolewa na wanaume watatu nimeufuta. Koti nimelifua, chaki nimeiacha mfukoni.

Nenda na vikombe hivi. Sema ukweli: vitano vyako, kimoja changu. Akikataa, urudi darasani, nami nitakupenda hivyo hivyo, na ndoo haitatoka chini ya sinki, hata Baba aseme nini. Ahadi ile uliitoa wewe. Mimi sikuitoa.

Sanduku amelitengeneza Baba. Sikumwomba. Kila kikombe kina chumba chake na maranda laini ya mbao. Utakuta vyumba saba. Cha saba ni kile kilichonywea. Kichome pia, usiulize.

Cherehani, aliyekuyeyushia kikombe


30 Agosti

Mke wangu,

Vyote saba vimetoka vizima. Kimoja changu kina doa kitakoni, chako hakina.

Lazima nami nikiri. Nilijua. Si habari ya chai, hiyo nimeicheka hadi nikaegemea ukuta, lakini tangu Julai nilijua kwamba unafinyanga kwa siri. Sitasema nani aliniambia kwa sababu hakuniambia. Ndiyo maana barua ile ya vipimo ilikuwa ndefu.

Jana tulipanga kazi zetu kwenye meza ndefu. Bibi Tanuri alipita kimya, kila kikombe anakigonga kwa kucha anasikiliza. Alipofika kwangu nilifungua mdomo kusema, akaniwahi. Aliinua chako, akakizungusha, akapitisha kidole chini ya kishikio.

"Nani amekishona hiki?"

Nikasema, "Mke wangu. Ni fundi cherehani. Changu cha sita kimekufa nyumbani."

"Alijifunza wapi?"

"Kwa barua."

"Barua za nani?"

"Zangu."

"Ulijua anafinyanga?"

"Mwanzoni hapana."

Akakaa kwenye kigoda changu. Sijawahi kumwona amekaa. Akasema, "Nina watu wanane hapa wanaofinyanga vizuri, na hakuna hata mmoja anayeweza kumweleza mwenzake alichofanya. Nikifa mimi, tanuri limekufa. Unadhani ubao nilikupa kwa sababu mikono yako mibaya? Vikombe vyako vitano ni vizuri. Vizuri ninavyo tele."

Kwa kifupi, mke wangu, amenikubali. Ananipa matofali ya tanuri dogo nijenge huko nyumbani, liwe tawi lake. Asubuhi nifundishe, mchana nichore na kufinyanga. Nikamweleza habari ya Baba yako na urubani. Akasema, "Mwambie ndege imetua."

Nabaki siku kumi kupakia matofali. Vikombe vinatangulia kwenye sanduku lile lile. Mpelekee Baba yako chai.

Lakini hiki cha saba nimekishika tangu asubuhi, hakinijai hata kiganja. Uliniambia nisiulize. Nauliza. Ni cha nani?

Mwalimu wako, sasa najua wa nini


9 Septemba

Mume wangu, mume wangu, mume wangu,

Sanduku lilifika juzi. Jana nikamwita Baba. Shangazi alikuja naye, nani angemzuia. Nikaweka birika mezani, nikampa Baba kile chenye mshono, kwa sababu kama ni aibu iwe yangu. Nikamimina hadi juu, moto, maziwa, yote.

Baba hakukishika kishikio. Aliingiza kiganja chini ya kikombe, akakiinua taratibu, akasubiri. Sote tukasubiri. Shangazi alikuwa amejivuta nyuma na kiti chake. Kisha Baba akanywa. Akanywa chote bila kukiweka chini, akanipa kikombe akasema, "Ongeza." Nikamfikishia salamu ya ndege. Alicheka, Mwalimu! Mabega yalitikisika. Ameshapima pale uani pa kujenga tanuri. Anasema mlango wa karakana ataufanya yeye, na kwamba darasa bila benchi si darasa.

Sasa swali lako. Nilidhani nakulamba wewe, kumbe Mama alikuwa anahesabu siku kwenye kalenda ya jikoni akinitazama kwa pembe ya jicho. Mwisho wa Julai akachoka kuningoja, akanishika mkono, tukaenda kliniki. Niliweka siri hii wiki sita. Nilitaka ukae mbele ya yule Bibi ukiwa na vikombe tu kichwani, usije ukaomba kazi kwa ajili ya mwingine.

Cha saba nimekiweka rafu ya dirishani, pale vilipokuwa vinakauka vile sita. Mwenyewe bado hajafika. Anatarajiwa mwezi wa pili.

Njoo haraka, lakini matofali uyafunge vizuri.

Cherehani wako, na mwenzake